Ulinganisho: Hercule Poirot wa Finney, Ustinov, Suchet na Branagh. Nani kamfikia yule wa kitabuni?

PaziaJekundu (mleta mada)

Wakuu, kila ubishi kuhusu nani kamcheza vizuri zaidi Poirot, yule mpelelezi wa riwaya za Agatha Christie, huishia kwenye masharubu. Masharubu yana uzito wake, ila kipimo changu ni kingine: je, unadhifu wa mtu huyu unamuuma? Katika kitabu cha kwanza cha Agatha Christie, cha mwaka 1920, msimulizi Hastings anasema chembe ya vumbi ingemuuma Poirot kuliko jeraha la risasi. Hapo ndipo alipo Poirot mzima. Mwigizaji akiuchukua unadhifu kuwa kichekesho, anabaki na mzee wa kuchekesha. Akiuchukua kuwa maumivu, mwendo, sauti na hasira vinakuja vyenyewe.

Kitabu kinampa kimo cha futi tano na inchi nne, karibu sentimita 163. Kichwa ni mfano wa yai, kimelala kidogo upande mmoja. Masharubu ni magumu, ya kijeshi. Viatu ni vya ngozi inayong'aa, navyo humbana.

David Suchet alianza kumcheza kwenye televisheni Januari 1989 na kumaliza Novemba 2013, vipindi 70 katika misimu 13. Kabla ya kupiga picha alisoma vitabu akaandika orodha ya mambo 93 kuhusu mhusika, mpaka idadi ya vipande vya sukari kwenye kikombe. Mwendo wake, hatua fupi za haraka, aliutengeneza kwa kutembea akiwa amebana sarafu kati ya makalio. Si mzaha hata kidogo. Ukibana pale, goti halirushwi mbele, nyonga hazizunguki, na mguu unatua karibu na mwenzake. Unapata mtu anayeogopa kukanyaga uchafu, bila kumwonyesha akiogopa.

Mkasa unaojulikana wa mwanzo wa kazi ile ni wa benchi la bustanini. Mwongozaji alitaka akae tu. Suchet akakataa kukaa kabla ya kulifuta kwa leso na kuitandika. Ubishi ukawa mkubwa mpaka mtayarishaji akaingilia, na leso ikabaki. Kwangu mimi Poirot wa televisheni alizaliwa siku ile: leso inachukua sekunde chache tu, lakini ukiiondoa huna tena sababu ya yule mwendo.

Albert Finney, katika Murder on the Orient Express, filamu ya mwongozaji Sidney Lumet ya 1974, alikwenda njia ya pili. Alikuwa na miaka 37 tu, kwa hiyo alijengwa kwa nje: mwili ukajazwa, pua na mashavu yakaongezwa, nywele zikapakwa mafuta mpaka zikawa kama rangi ya mlango. Shingo ameizamisha mabegani, ukimtaka ageuke anageuka kiwiliwili kizima. Aliteuliwa kuwania Oscar, na alistahili. Ila unadhifu wake ni wa kitandani na mbele ya kioo, kile kifuniko cha masharubu na wavu wa nywele. Akishaanza kuhoji watu hauuoni tena, unaona ukali.

Peter Ustinov na Kenneth Branagh nawaachia wenye nguvu ya kuwatetea.

---

MshonaNywele

Mkuu PaziaJekundu, umeyaruka masharubu haraka mno. Kazi kubwa ya uso huu iko pale.

Masharubu ya kamera hushonwa unywele mmoja mmoja kwenye wavu mwembamba sana, kisha hubandikwa kwa gundi ya utomvu. Sehemu ya kwanza kuachia ni pembe za mdomo, kwa sababu ngozi pale hutembea kila neno. Ya pili ni chini ya pua, kwenye jasho. Supu na chai ya moto humaliza kazi. Kwa hiyo umbo la masharubu huamua mwigizaji ataongea vipi. Suchet alivaa madogo yenye ncha zilizopinda juu, mdomo wa juu ukabaki huru. Ndiyo maana kitabasamu chake kidogo kinaonekana hata kamera ikiwa mbali.

Branagh, katika Orient Express yake ya 2017, alifanya kinyume. Masharubu yana tabaka mbili na yanavuka shavu kwa shavu. Nguvu yake ni kwamba yanalingana na maneno ya Christie mwenyewe. Mwaka 1974 mama huyo alimsifu Finney lakini akasikitika kwamba masharubu hayakuwa ya fahari kama alivyoyaandika. Branagh kayarudisha kwenye fahari. Hasara yake ni ya kiufundi: nywele zote zile zinaficha mikunjo ya kando ya mdomo, na uigizaji wote unapanda kwenye macho. Angalia anavyofungua macho katika mahojiano ya ndani ya behewa, halafu angalia mdomo. Mdomo haukwambii kitu.

Na katika Death on the Nile ya 2022 wakaongeza sababu: jeraha la usoni vitani, mwaka 1914, masharubu yakaja kulifunika. Sikubaliani na hilo. Masharubu ya Poirot ni majivuno yake, ni kitu anachokipenda. Ukiyageuza kuwa bandeji, umemwondolea furaha pekee aliyokuwa nayo mbele ya kioo.

---

Mwambao_wa_Kivu

Ndugu zangu, mimi niongeze upande wa lafudhi, maana wengi wanaipima kwa kusema tu "inasikika Kifaransa".

Kwanza, Poirot ni Mbelgiji, na kila akiitwa Mfaransa anasahihisha. Mbelgiji wa Kifaransa husema septante kwa 70 na nonante kwa 90, kama tusemavyo huku Kongo, na Burundi na Rwanda vilevile, ambako Wabelgiji walitawala. Mfaransa wa Paris hasemi hivyo. Suchet alisikiliza rekodi za redio za Wabelgiji na za Wafaransa kabla ya kuchagua sauti. Sauti yake ya kuzaliwa ni nzito ya kifuani. Akaipandisha kichwani, kwa hoja kwamba mtu huyu anaishi kichwani mwake. Mkazo akauweka mwishoni mwa neno, na herufi r akaivutia kooni.

Pili, kuna jambo linalowachanganya watu. Mzungumzaji halisi wa Kifaransa akijifunza Kiingereza, maneno marefu humjia upesi, kwa kuwa lugha hizo mbili zinagawana mengi. Hukwama kwenye vineno vidogo vya kuunganisha. Poirot yeye hutamka sentensi ngumu za sheria bila kosa, halafu anashindwa kusema "rafiki yangu" kwa Kiingereza? Jibu liko katika Three Act Tragedy, riwaya ya Christie ya 1934: anaeleza kwamba Kiingereza chake kibovu ni cha makusudi. Waingereza humdharau mgeni asiyejua kusema, na mtu anayekudharau hajilindi. Lafudhi ni chombo cha kazi.

Ukiishika hoja hiyo, unaweza kuwapima wote. Suchet ndiye anayeicheza: akiwa na mtuhumiwa mwenye kiburi, Kifaransa kinaongezeka. Akifika kwenye maelezo ya mwisho kinapungua, na sentensi zinanyooka. Finney lafudhi yake imebanwa kooni, inafaa kwa ukali, lakini baadhi ya maneno hupotea kwa anayesikia mara ya kwanza. Branagh akipandisha sauti hurudi kwenye sauti yake ya jukwaani, na Ubelgiji unabaki nyuma. John Malkovich, katika The ABC Murders ya BBC ya 2018, karibu aiache kabisa lafudhi. Hilo nalipa heshima, kwa sababu Poirot wake ni mkimbizi mzee wa 1933 ambaye ameishi Uingereza muda mrefu na anataka kuachwa kwa amani.

---

NuruNaKivuli

Tahadhari kwa ambao hawajaona wala kusoma: nataja mwisho wa Orient Express.

Mkuu mleta mada, kipimo chako ni kizuri lakini kiko upande mmoja. Mwisho wa kitabu hiki cha 1934 ndio mtihani bora tulio nao, kwa kuwa Finney, Suchet na Branagh wote wamepita hapo. Watu kumi na wawili wamemchoma mwuaji wa mtoto. Poirot anatoa majibu mawili, moja la uongo na moja la kweli. Kitabuni mwisho ni wa haraka: wenzake wanachagua la uongo kwa ajili ya polisi, naye anajiondoa kwenye kesi. Hakuna machozi.

Lumet, 1974: Finney anamwachia mkurugenzi wa reli achague, anasema anakwenda kupambana na ripoti yake na dhamiri yake, anatoka. Waliobaki wanagonganisha glasi mmoja baada ya mwingine. Uchungu wa Poirot umebebwa na mgongo wake anapoondoka, basi. Finney kazi yake nzito ilikwisha kabla, katika yale maelezo marefu ndani ya behewa jembamba, ambako anapanda na kushuka kwa sauti kama mwendesha mashtaka.

Suchet, 2010: treni haina joto, pumzi zinaonekana. Poirot anawafokea kwamba sheria si ya kuchukuliwa mkononi, hata ikianguka inaokotwa. Hapa rozari inaingia. Mkatoliki huyu alionekana akisali mwanzoni, na mwisho anatembea kwenye theluji akiishika, analia. Ubaya ni kwamba hasira inaanza juu mno, haina pa kupanda tena. Uzuri ni kwamba ndiye pekee ambaye unaamini uamuzi ule umemvunja.

Branagh, 2017: anawaketisha kwenye meza ndefu mdomoni mwa handaki, mfano wa Karamu ya Mwisho, na anaweka bastola mezani: anayetaka siri ifichwe amwue yeye. Bibi Hubbard, mmoja wa wale kumi na wawili, anaichukua na kujielekezea mwenyewe, haina risasi. Picha, iliyopigwa kwa filamu pana ya milimita 65, ni ya kuvutia mno, lakini jaribio lile linampa Poirot uhakika kutoka nje, kupitia bastola. Wale wawili wengine wanaamua bila uhakika wowote, na hapo ndipo uzito ulipo.

---

ChaiYaSaaKumi

Naona Ustinov hana wakili, basi mimi.

Ni kweli mwili haukufaa: mrefu, mpana, kichwa si yai. Binti yake Christie alipomwambia kwamba Poirot hayuko hivyo, alijibu kwamba sasa yuko hivyo. Lakini alijua kitu ambacho wengine wanakisahau, kwamba watu humwambia Poirot siri kwa sababu anapendeza kukaa naye. Kwa Finney ungekaa kimya. Kwa Branagh ungeogopa. Kwa Ustinov ungeagiza chai nyingine na kuendelea kuongea.

Tazama Evil Under the Sun, 1982, pale anapokwenda "kuogelea": anaingia kwenye maji kidogo tu, anatembea huku mikono ikipiga mitindo ya kuogelea, masharubu makavu kabisa. Mleta mada, hicho kipimo chako cha unadhifu kinapatikana hapo bila neno hata moja. Katika Death on the Nile ya 1978 kuna swila chumbani, naye anagonga ukuta taratibu kumwita rafiki yake Kanali Race, mwili umeganda, macho tu yanatembea. Kichekesho na hofu katika pumzi moja.

Pale alipoharibikiwa ni filamu tatu za televisheni za 1985 na 1986, zilizohamishiwa wakati wa leo wa siku zile. Poirot bila miaka ya 1930 hana cha kupambana nacho. Anahitaji kola ngumu, kengele ya mhudumu, na jamii inayojali uma umewekwa wapi. Kosa lilelile lilirudiwa 2001, Alfred Molina alipomcheza Poirot akawekewa kompyuta. Na katika Thirteen at Dinner, ya 1985, Inspekta Japp, polisi anayemfuata Ustinov, kachezwa na David Suchet mwenyewe.

---

PaziaJekundu

ChaiYaSaaKumi, lile la maji nalikubali, na narekebisha: Ustinov anao unadhifu, ila haumuumi, unamfurahisha. Hiyo ni tafsiri halali.

NuruNaKivuli, bado nasimama kwamba bila leso ya 1989 rozari ya 2010 isingekuwa na nguvu. Mtu aliyepanga kila kitu kwa miaka ishirini anaharibikiwa na jambo moja lisilopangika. Branagh anajaribu kupata hilo ndani ya filamu moja, kwa mayai mawili ambayo lazima yalingane na kwa kukanyaga kinyesi kwa mguu wa pili ili miguu ilingane. La mayai linafanya kazi. La kinyesi linakataa kabisa: Poirot anayetia kiatu cha pili uchafu kwa hiari anapenda ulinganifu kuliko usafi, na huyo ni mtu mwingine.

---

Anayeanza_Kuigiza

Shikamoo wakubwa. Kwa mtu anayeandaliwa kumcheza jukwaani, aanzie wapi, mwendo au sauti?

---

MshonaNywele

Marahaba. Anza na viatu. Vaa vinavyobana nusu saizi, soli ngumu, tembea navyo mazoezi yote, si siku ya onyesho tu. Mwendo utajipunguza wenyewe. Kisha nguo ya kujazia tumbo, ivaliwe kabla hujakariri maneno, kwa kuwa inabadilisha pumzi na pumzi inabadilisha pa kukata sentensi. Sauti iwe ya tatu. Masharubu yaje mwisho, lakini fanya angalau mazoezi matatu ukiwa nayo ukila na kunywa, utajua gundi inaachia wapi. Kwenye joto la ukumbi usio na feni, futa mafuta ya ngozi juu ya mdomo kwa spiriti, acha pakauke kabisa, ndipo upake gundi.

Na ukifika kwenye Curtain, kitabu cha 1975, usihangaike sana kuficha ukingo wa wavu. Pale Poirot mwenyewe amenyoa masharubu yake na anavaa ya bandia.