Nimepewa usapavaiza wa mgahawa hotelini, wenzangu hawanisikii na sasa natakiwa kuwakata mishahara. Naombeni ushauri

KijanaWaSakina

Wakuu habari za majukumu.

Nafanya kazi kwenye hoteli moja hapa Arusha, sitaitaja. Niliingia kama mhudumu wa meza, nikawa kapteni, na msimu wa wageni ulipoanza kuchanganya mwezi wa sita nikapewa usapavaiza wa mgahawa. Mshahara umepanda kidogo, lawama zimepanda sana.

Wageni wetu wengi ni wa safari. Wanalala usiku mmoja, asubuhi wanaelekea Ngorongoro na Serengeti. Kwa hiyo kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri mpaka saa mbili ni vurugu tupu: madereva wanapiga honi nje, lanchi boksi hazijafungwa, mashine ya kahawa ni moja na kila mtu anataka mayai sasa hivi.

Kuna mzee mmoja, tumwite Mzee M. Ndiye aliyenifundisha kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja. Hoteli nzima ilijua cheo hiki ni chake. Sasa nikimwambia "Mzee, meza ya nane wanasubiri chai," ananijibu "Sawa, bosi" kwa sauti ambayo jiko zima linacheka. Anakwenda, ila kwa mwendo wa bwana harusi. Halafu wapo washkaji niliopanga nao chumba kimoja zamani. Wakichelewa zamu wananitumia meseji, "Mwanangu nisitiri leo."

Hayo ningeyavumilia. Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki: meneja kasema glasi zilizovunjika na vijiko vilivyopotea vikatwe kwenye mishahara ya wahudumu wote kwa kugawana, na orodha niiandae mimi kabla ya mwisho wa mwezi. Mimi mwenyewe nimekatwa hivyo miaka yote na nilikuwa nalalamika kama wengine. Leo kalamu ninayo mimi.

Kuna kozi ya uongozi mtandaoni wanataka laki nne, sijui nilipe. Nimesoma masomo mengi ya "kiongozi awe na maono", sijaona panapoeleza ufanye nini mayai yakiisha saa kumi na mbili na nusu na basi la wageni thelathini liko nje. Naombeni wenye uzoefu: kwenye kazi yetu hii, kiongozi hasa anaonekana kwa kitu gani?

---

Chuma_Baridi

Mkuu unajitesa bure. Huyo mzee mpe barua ya onyo moja tu, iliyosainiwa, nakala kwenye faili. Washkaji nao waandikie. Wiki moja utaona wanavyonyooka. Kazini hakuna mwanangu wala mjomba.

---

MamaZamu

Chuma_Baridi, barua ni rahisi kuandika. Mzee akishaipata atafanya kazi yake vilevile ilivyoandikwa kwenye mkataba na si zaidi, na hapo ndipo mgahawa unapokufa. Nimesimamia hausikiping na baadaye mgahawa hoteli za Kanda ya Kaskazini mpaka nywele zikabadilika rangi, najua ninachosema.

Kijana wa Sakina, nikuulize swali moja: tangu upewe cheo, asubuhi unamwamkia Mzee M. kwanza, au unasubiri akusalimie? Vijana wengi wakivaa koti jeusi wanaacha shikamoo bila kujua, wakidhani ndiyo usimamizi. Mzee anaona siku ya kwanza tu. Shikamoo haijawahi kumshusha mtu cheo.

Pili, usimtume mbele ya jiko. Mambo ya meza ya nane yapangwe kabla ya zamu, si katikati ya sakafu. Mchukue pembeni, nje ya saa za kazi, umwambie wazi: "Mzee najua ulitegemea nafasi hii. Sikuiomba ili nikupite. Nakuhitaji." Asipokujibu siku hiyo, usimfuatefuate. Halafu mpe kitu cha kweli, si maneno: vijana wa mafunzo wote wapite mikononi mwake na sahihi yake ndiyo iamue nani yuko tayari kuhudumia meza peke yake. Siyo cheo cha kubembeleza hicho, na kwako ni nafuu pia, maana huwezi kufundisha huku unapambana na madereva.

Hao wa "nisitiri" ni wepesi zaidi. Mara ya kwanza mwambie mmoja kwa siri kwamba hutaandika uongo kwenye rosta. Mara ya pili andika saa aliyofika, basi. Usigombe wala usihubiri. Ukimsitiri rafiki, aliyefika mapema akashika meza zake ndiye unayemwibia, na hana pa kukushtaki.

---

JikoNamba1

Mimi ni mpishi, nijibu la mayai kwa sababu naona wote mtaruka.

Mayai hayaishi asubuhi, yanaisha jana yake saa mbili usiku, pale ulipoondoka bila kupita mapokezi kuchukua orodha ya wanaoondoka. Pata idadi, saa ya kila gari, na wasiokula nyama. Vitu vikavu vya lanchi boksi vifungwe usiku: juisi, biskuti, tunda, kitambaa cha karatasi. Asubuhi kinabaki cha moto na mkate tu. Kwenye bafee weka mayai ya kuchemsha tayari, yule anayekimbilia gari atachukua mawili aende. Chai na kahawa ya kawaida zikae kwenye chupa za moto mezani, mashine waachie wanaotaka kapuchino na hawana haraka.

Na dereva anayepiga honi mpe chai. Si utani. Dereva aliyekunywa chai kwako atawaambia wageni "tuna dakika kumi bado", asiyekunywa atawaambia mmechelewesha.

Jambo la mwisho: wakati wa vurugu sapavaiza asimame pale sahani zinapotokea jikoni. Asijifiche ofisini na kompyuta, wala asianze kubeba sahani yeye mwenyewe ili aonekane mchapakazi. Ukibeba sahani, nani anaona kwamba meza ya tatu imekaa bila kijiko? Nimefanya kazi na mameneja wa aina zote mbili, na huyo wa kubeba sahani ndiye aliyenichosha zaidi.

---

AfisaUtumishiMstaafu

Ndugu mleta uzi, hilo la makato lina sheria, usiliingie kichwa kichwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inazungumzia makato ya mshahara kwa upande wa Bara. Mwajiri hawezi kukata kwa ajili ya hasara kwa sababu tu ameamua. Inatakiwa mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake yeye, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, na apewe nafasi ya kupinga. Kiasi kisizidi thamani halisi ya hasara, na makato hayo yote kwa jumla yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kuna mahali hapo umesoma "wahudumu wote wagawane"? Aliyekuwa likizo naye amevunja glasi?

Usimwendee meneja na sheria mkononi kama wakili. Mwambie kwa heshima kwamba orodha ya kugawana hutaweza kuisaini kwa sababu itairudia hoteli ikifika kwenye usuluhishi CMA, ile tume ya migogoro ya kazi, na umpe njia nyingine ya kudhibiti upotevu; fomu ya hesabu ya vyombo ninayo ukiihitaji. Bosi hapendi kukataliwa, lakini hata yeye hapendi kesi. Kama CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli, wana tawi hapo kwenu, mwakilishi wao ajue pia.

---

SinkiKubwa

Njia nyingine hii hapa. Mimi ni mtu wa vyombo, yaani stewadi, huwa hatuulizwi. Vijiko vya chai haviibiwi kama mnavyodhani. Vinamwagwa na mabaki ya chakula kwenye pipa, na vingine vinasombwa na vitambaa vya meza kwenda dobi. Nenda kaulize dobi leo. Weka sumaku juu ya pipa la mabaki, vijiko vya chuma vingi vinanasa, na kabla ya kitambaa kukunjwa kikung'utwe. Hesabu kila Jumapili usiku, siyo mwisho wa mwezi. Ukihesabu mwisho wa mwezi unatafuta wa kulipa tu.

---

MswahiliDoha

Mleta uzi, laki nne hiyo bakiza. Chukua somo moja la bure kutoka Ritz-Carlton, kampuni ya hoteli za kifahari. Horst Schulze, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo na baadaye rais wake, alianza kazi hotelini Ujerumani akiwa kijana wa miaka 14. Pale Ritz-Carlton mfanyakazi yeyote anaruhusiwa kutumia mpaka dola 2,000 kwa mgeni mmoja kutatua tatizo, bila kumwomba meneja. Hata wa kusafisha chumba.

---

Chuma_Baridi

Dola 2,000? Huku kwetu mhudumu hawezi kutoa hata chai ya bure bila sahihi tatu. Msitulishe hadithi za Wazungu.

---

MswahiliDoha

Sijasema mtoe dola elfu mbili. Nasema muombe meneja ruhusa ndogo yenye mpaka: mgeni aliyesubiri sana, mhudumu ampe juisi au kitindamlo palepale, aandike kwenye daftari, asubuhi sapavaiza apitie. Mhudumu anayelazimika kusema "ngoja nimwite bosi" mbele ya mgeni aliyekasirika unamdhalilisha mara mbili. Ninapofanya kazi tuna daftari hilo, na watu hawalichezei, kwa sababu wanajua likichezewa litaondolewa.

---

WaPwaniHalisi

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nilisomea Chuo cha Utalii pale Ruaraka, Nairobi, na nimekaa hoteli za ufuoni maisha yangu yote ya kazi. Nyinyi mwazungumzia msimu. Kiongozi mwangalieni msimu ukikatika.

Sisi huku tumeonja: 2008 baada ya vurugu za uchaguzi, 2014 Uingereza ilipotoa onyo la usafiri na wageni wakarejeshwa kwao kwa ndege, kisha 2020 korona. Kila mara hoteli hubaki na wafanyakazi wengi kuliko wageni. Nimeona meneja aliyewaita watu wote bustanini, akawaeleza pesa iliyobaki inatosha hadi lini, akapanga likizo bila malipo kwa zamu, na jina lake mwenyewe likawa la kwanza kwenye orodha. Nimeona na mwingine aliyezima simu, watu wakapata habari kwa askari wa langoni. Hoteli zilipofunguka, yule wa kwanza alipiga simu na watu wakarudi, hata waliokuwa wamepata vibarua kwengine. Wa pili alianza kuajiri upya.

Na mukitaka mfano mkubwa, someni yaliyotokea hoteli ya Taj Mahal Palace, Mumbai, India, Novemba 2008 magaidi walipoivamia. Meneja mkuu, Karambir Singh Kang, alipoteza mke na watoto wawili mle mle hotelini, naye akaendelea kusimamia uokoaji wa wageni. Lakini mimi humfikiria zaidi binti mmoja wa miaka 24 aliyekuwa akisimamia karamu ukumbini. Hakuwa na wa kumuuliza. Alifunga milango, akazima taa, akawalaza wageni chini ya meza, na wenzake wakapita usiku kucha wakiwauliza kama wanahitaji maji. Wafanyakazi wale wangeweza kutoroka kwa milango ya nyuma, ambayo wao ndio walioijua. Watafiti walipokwenda kuuliza, walikuta hoteli ile huajiri sana vijana wa miji midogo, ikitazama heshima na tabia kwanza, na huwafunza muda mrefu kuliko wengine. Yaani ujasiri wa usiku ule ulianzia kwa nani aliajiriwa na alivyotendewa siku za kawaida.

Sasa wewe ndugu yangu waandaa orodha ya kumkata mhudumu pesa ya kijiko. Huyo ukimkata, siku ya siku atakulindia mgeni wako?

---

JikoNamba1

WaPwani kamaliza, ila niongeze dogo. Ukitaka kujua hoteli inaongozwaje usiende mapokezi, nenda kantini ya wafanyakazi saa saba mchana. Kama ni maharage yaleyale tangu Jumatatu na sapavaiza anakula kwenye mgahawa wa wageni, hutahitaji kuuliza zaidi. Kijana, unakula wapi sasa hivi?

---

KijanaWaSakina

Wakuu asanteni sana, nimesoma yote, mengine mara mbili.

JikoNamba1, nilikuwa nimeshaanza kula mgahawani, tulipewa ruhusa na cheo. Nimerudi kantini. Maharage ni kweli, nimelipeleka kwa mpishi mkuu.

SinkiKubwa Mungu akubariki. Nimekwenda dobi na ndoo. Vijiko vya chai vilikuwa kwenye kopo la rangi nyuma ya mashine ya kufulia, dada wa pale anaviokota kila siku na hakuna aliyewahi kumuuliza. Uma nazo zilikuwemo. Glasi ni kweli zimevunjika, ila nyingi zinavunjikia kwenye kreti moja iliyopasuka chini.

Nilimpelekea meneja vijiko kwenye bahasha pamoja na kreti yenyewe, nikamweleza kuhusu orodha kama Afisa Utumishi alivyonielekeza. Hakufurahi. Kasema mwezi huu hakati, mwezi ujao anataka kuona hesabu za kila Jumapili, na zikiwa mbaya tutarudi kwenye makato. Kreti mpya ameagiza. Kuhusu ruhusa ya kitindamlo, kasema atafikiria, na namjua, maana yake ni hapana kwa sasa.

Mzee M. nilimfuata nyumbani kwake Jumapili. Hakunijibu kitu, alinikaribisha chai tu tukaongea habari za mpira. Vijana wa mafunzo nimempa, amewapokea. "Sawa, bosi" bado ipo.

Afisa Utumishi, hiyo fomu ya hesabu ya vyombo uliyonayo ina safu ngapi? Na nani anatakiwa kusaini, mimi na mtu wa stoo, au na stewadi pia?

---

AfisaUtumishiMstaafu

Safu nne: kilichokuwepo, kilichohesabiwa, kilichovunjika na sababu, kilichopotea. Wasaini watatu, na stewadi awe wa kwanza kuhesabu kabla yenu, ili asipewe namba iliyokwishaandikwa. Nakutumia nakala inboksi jioni.

---

MamaZamu

Alikukaribisha chai nyumbani kwake na bado unamhesabia "Sawa, bosi"? Mwache mzee wa watu apumue. Jumapili ijayo peleka sukari.