Naombeni ushauri: boksi la santuri na kaseti za zamani maktabani, nizifanyeje?

MkutubiTanga: Wakuu habari zenu. Mi ni mkutubi kwenye maktaba ndogo hapa Tanga, juzi familia moja ya Ngamiani wametuletea vitabu vya marehemu mzee wao, nafungua boksi la chini nakutana na santuri zile ndogo za spidi 45 za bendi za hapahapa Tanga, Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Black Star, halafu kaseti za taarab zimeandikwa peni tu "harusi Makorora", na chini kabisa sahani nzito nyeusi zina picha ya mbwa na gramafoni. Mzee kaandika majina ya waimbaji kwenye majaketi, mwandiko mzuri balaa. Bosi anasema maktaba ni ya vitabu, zitupwe. Roho inakataa. Nianzie wapi, na naweza kuzirusha YouTube?

Raskazone_Boy: Zitupwe?? 😳 Mwambie bosi Shakila mwenyewe, yule malkia wa taarab, kaimba Black Star na Lucky Star hapohapo Tanga kabla ya kwenda Dar. Asee watu wengine bwana

FundiSpika: Mkuu usizipige kwanza. Hizo za mbwa ni HMV (kampuni ya santuri, His Master's Voice), spidi 78, ni za shelaki, aina ya utomvu mgumu sio plastiki, na spiriti inayeyusha shelaki, kwahiyo futa kwa kitambaa laini kikavu basi. Na usitumie sindano ya 45, mifereji yake ni mipana utaziharibu. Zote zisimamishe wima, ukizilaza moja juu ya nyingine kwa joto la Tanga zinapinda. Soma lebo vizuri, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alirekodi HMV kule Bombay 1928 so huwezi jua

Mama_Chumbageni: Mwanangu, mi naona kaseti ya harusi ndo mali kuliko zote. Santuri ya Atomic kuna mtu Ulaya anayo kabatini, ya harusi Makorora nakala ni hiyohiyo moja. Ukiona ukungu mweupe kwenye utepe usiichomeke redioni. Na rudi kwa hiyo familia ukaulize nani alikuwa anaimba, wenye kujua bado wapo.

KabatiLaFaili: Naongezea kwa mama. Piga picha lebo pande zote mbili, andika na zile namba zilizochongwa karibu na lebo, ndo zinatofautisha toleo na toleo. Majina ya mzee yaandike ila sema ni "kwa mwandiko wa mwenye mali", usiyafanye ukweli wako. Ukirekodi kwenye kompyuta weka WAV (faili la sauti lisilobanwa), mp3 baadae. YouTube subiri, kuwa na sahani sio kuwa na wimbo, sheria ya hakimiliki ipo, hii ya sasa ni ya 1999, waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

MkutubiTanga: Shukrani sana mama na wakuu. Nimecheki zile za mbwa, nyingi za Kihindi, moja ya Kiswahili lebo imechubuka jina halisomeki. Bosi kalegea kidogo, kanipa shelfu moja stoo. Kuna mwenye pleya ya 78 nzima hapa mjini au hata Muheza?

FundiSpika: Ninayo, nakosa sindano tu. Njoo PM