Fundi amenitoza fedha za matengenezo akaniachia mng'ao: ngazi yetu ya mninga imeharibiwa

Ndugu wanajamvi, salaam.

Nimesubiri wiki tatu kabla ya kuandika uzi huu, nikitumaini kwamba fundi niliyempa kazi ya ngazi yetu angerudi kurekebisha kama alivyoahidi. Simu yangu haipokelewi tena, na juzi mama yangu mwenye umri wa miaka 74 aliteleza kwenye kidato cha tatu kutoka juu, akaukamata mkono wa ngazi, nao ukalegea na kumfuata. Alhamdulillahi hakuvunjika mfupa, ila goti limevimba na sasa anaogopa kupanda kwenda chumbani kwake mwenyewe. Siwezi kunyamaza tena.

Nyumba ni ya marehemu baba, ya ghorofa moja, hapa Upanga. Ngazi ya ndani ina vidato 14 vya mninga, na ukingo wake una vinguzo vya kukereza vilivyounganishwa kwa ulimi na tundu (ncha ya kinguzo huchongwa ikaingia kwenye tundu lake), bila msumari hata mmoja. Kila mwaka kabla ya mwezi wa Ramadhani baba alikuwa akiisugua kwa msasa laini na kuipaka vanishi yeye mwenyewe. Baada ya kufariki kwake hakuna aliyeishughulikia, kwa hiyo vinguzo kadhaa vilianza kucheza, vidato viwili vya chini vikaliwa na mchwa upande wa ukutani, na vanishi ikalika katikati pale miguu inapopita. Hayo matatu ndiyo niliyomwonyesha fundi mwezi Machi. Tulikubaliana shilingi 1,850,000, nikamtangulizia 1,200,000 ili aanze kabla ya masika. Alikuja wiki ya pili ya Aprili, mvua ikinyesha.

Nianze na vinguzo, kwa sababu hapo ndipo palipo na hatari. Kinguzo kilicholegea hutolewa, gundi ya zamani ikakwanguliwa kwenye ulimi na ndani ya tundu hadi mbao ionekane, maana gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu. Kisha hupakwa gundi ya mbao, kikarudishwa, kikabanwa na kuachwa mpaka siku ya pili. Kazi hiyo haihitaji mashine ya gharama, inahitaji patasi na subira. Fundi huyu alipigilia misumari ya inchi tatu kwa mshazari kutoka pembeni, akapasua ndimi mbili, na nyufa akazijaza puti ya ukutani iliyochanganywa na rangi ya kahawia. Puti haibebi uzito wa mtu. Mbaya zaidi, vinguzo viwili vilivyopasuka alivitupa na kuvitawanya vilivyobaki ili pengo lisionekane. Nimepima kwa rula: kati ya kinguzo na kinguzo sasa kuna sentimita 16. Kanuni za ujenzi za Uingereza hutaka mpira wenye kipenyo cha milimita 100 usiweze kupenya kwenye ukingo wa ngazi katika nyumba yenye watoto wadogo, na sababu yake haihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote aliyewahi kulea. Mtoto wa mdogo wangu ana miaka mitatu na anashinda hapa kila siku.

Vidato viwili vilivyoliwa na mchwa nililipia vibadilishwe kwa mninga. Kwa siku kumi niliamini kwamba ni mninga. Kisha kisigino cha kiatu kikaacha shimo, nikakwangua kidogo chini ya ukingo wa kidato, na ndani nikakuta mbao nyeupe yenye harufu ya utomvu: paini, iliyopakwa rangi ikafanana na wenzake. Sina ugomvi na paini. Tunaezekea nyumba zetu kwa kenchi za paini kutoka Sao Hill na zinatufaa. Ila ni mbao laini, na mahali pa kukanyagwa mara hamsini kwa siku si pake. Hata angekuwa ameniambia ukweli kwamba fedha haitoshi mninga, tungezungumza.

Chini ya vidato hivyo alipaka oili chafu ya injini, akisema ni kinga ya mchwa. Mafundi wengi wa hapa mjini hufanya hivyo kwenye kenchi, ambako hakuna anayepita wala kupaka vanishi. Kwenye ngazi oili hupenya na kutokea juu, na vanishi haikauki juu ya mafuta. Hadi leo ukikanyaga kidato cha kwanza bila viatu unyayo unanata. Dawa za mchwa za mbao zinauzwa Kariakoo, na nilimpa fedha za kuzinunua.

Vidato 12 vilivyobaki, vya mninga halisi, alivipitishia grenda yenye msasa wa kukwaruza, tena kukata nyuzi za mbao, wakati hata mwanafunzi wa useremala hufundishwa kufuata nyuzi na kupanda kutoka msasa wa kukwaruza namba 80 kwenda ulio laini zaidi, 120 na 180. Mikwaruzo ile ya duara haitatoka bila kupunguza unene wa mbao. Juu yake akapuliza laka ya makabati iliyochanganywa na tina (kiyeyushi cha rangi), siku ambayo nguo zilikuwa hazikauki hata ndani ya nyumba. Tina inaporuka upesi huupoza uso wa mbao, na unyevu wa hewa hujikusanya ndani ya laka kabla haijakauka. Ndiyo maana karibu vidato vyote vimefanya ukungu mweupe kama vimemwagiwa maziwa. Nilipomwonyesha alinijibu, "Dada yangu, usiwe na wasiwasi, jua likiwaka itaondoka." Haijaondoka. Na pale ambapo haikufanya weupe inang'aa na kuteleza kama kigae kilicholowa, ndipo mama alipoanguka. Ngazi inataka vanishi ya sakafu isiyong'aa sana, tabaka tatu nyembamba, ikipakwa kidato kimoja na kurukwa kimoja ili wenye nyumba waendelee kupita. Sisi tulifungiwa njia siku nne, mama akalala sebuleni kwenye kochi.

Wapo watakaosema kwamba nilifuata bei rahisi. Nilipita Keko, nikauliza kwa mafundi wanne, na huyu hakuwa wa bei ya chini. Nilimchagua kwa sababu alinionyesha picha za ngazi zinazong'aa, na hilo ni kosa langu ninalolikiri: nilipaswa kuomba nikaushike mkono wa ngazi mojawapo na kuutikisa.

Shilingi 650,000 zilizobaki sizilipi, na za awali nitazidai. Kwa sasa nahitaji fundi anayekata ulimi kwa mkono, na mkerezaji anayeweza kuiga vinguzo viwili kwa mfano wa vile vilivyopo, kwa mninga mkavu. Mwenye kumfahamu aniandikie hapa, ikiwezekana pamoja na ngazi aliyoitengeneza miaka mitatu au zaidi iliyopita, ili niende kuiona kabla ya kutoa hata shilingi moja.