Bolti ya springi ya nyuma inazunguka lakini haitoki

MtuWaJumamosi:
Wakuu, habari za jioni. Nina pikapu kuukuu, nyuma ina springi za majani, manne kila upande. Jani kuu la kushoto limekatika karibu na jicho la mbele, gurudumu likasogea nyuma hadi linakaribia kugusa bodi. Springi mpya ninayo, yu-bolti mpya (zile zinazoibana springi kwenye ekseli) ninazo. Shako ya nyuma, kile kiungo kinachoninginiza ncha ya nyuma ya springi kwenye chesisi, ilifunguka bila matata. Iliyonishinda ni bolti ya mbele, ile inayoshika jicho la springi kwenye chesisi. Nati imetoka. Bolti nikiikamata kwa spana ndefu inakwenda kama robo mzunguko, nikiachia inarudi yenyewe, kama inanicheka. Siku ya tatu leo naimwagia mafuta ya kulegeza kutu. Nimeigonga mpaka jirani kaja kuuliza kama najenga. Isitoshe, tangi la petroli liko upande huohuo, hata ikikubali kutoka sijui itapitia wapi. Nifikirie moto wa gesi?

HapanaHaraka:
Moto? Pembeni ya tangi la petroli? Mkuu, zima hilo wazo kwanza. Halafu tuambie gari limekalia nini.

MtuWaJumamosi:
Jeki chini ya difu, matofali chini ya chesisi.

HapanaHaraka:
Toa hayo matofali leo hii, kabla hujaingia tena chini. Tofali halipindi likakuonya, linapasuka mara moja. Weka stendi za chuma mbili chini ya chesisi, kabari magurudumu ya mbele, na jeki ya difu ibaki ya kupandisha na kushusha ekseli tu.

BibiSpana:
Mwanangu, pole. Mimi sikusomea ufundi. Marehemu mume wangu alikuwa na lori, na mikono yake ilikuwa miwili tu, ndivyo nilivyojifunza.

Kinachoirudisha bolti ni mpira. Ndani ya jicho la springi kuna bushi: ganda la chuma nje, mpira katikati, kibomba cha chuma ndani, na bolti hupita ndani ya hicho kibomba. Kutu imegandisha bolti na kibomba vimekuwa kitu kimoja. Kwa hiyo ukizungusha, unausokota mpira, ukiachia unajisokotoa. Nyundo nayo, mpira unalimeza pigo. Na mafuta hayapenyi, kibomba ni kirefu na mwanya hakuna. Utamwaga hadi mwaka kesho.

Ikate. Springi hiyo inatupwa na bushi yake, unaokoa nini? Kata sehemu mbili, kila upande wa jicho, pale kwenye mwanya kati ya jicho na bano la chesisi. Jicho litashuka na kipande cha bolti ndani yake, na vile vipande vya pembeni utavitoa kwa mkono.

Lakini tangi lishuke kwanza. Limalize petroli, chomoa betri na mabomba, weka jeki yenye ubao chini yake, ndipo ulegeze mikanda. Lipeleke mbali na unapofanyia kazi. Usidanganyike kwamba ni tupu, mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Grinda iwashwe baada ya hapo, na miwani machoni. (Mume wangu alikuwa akivaa miwani ya kusomea. Usimwige.)

Wakati wa kurudisha, kichwa cha senta bolti, ile inayofunga majani pamoja katikati, lazima kikae ndani ya tundu la kiti chake kwenye ekseli, la sivyo gari litatembea kimshazari kama kaa. Yu-bolti zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, na uzirudie baada ya kilomita mia chache. Bolti za mbele na za shako zifunge kwa mkono tu. Shusha gari lisimame kwa uzito wake, ndipo uzikaze. Ukizikaza likining'inia, mpira utakaa umejisokota kila siku na bushi mpya itachanika mapema.

Jambo moja tena: kama nafasi ipo na nati haitagusa tangi, ingiza bolti mpya kwa kuigeuza, kichwa kiwe upande wa nje, nati upande wa tangi. Safari nyingine itatokea nje.

DerevaMstaafu:
Nakubaliana na Bibi kwa yote. Ila badilisha na ya kulia. Mimi nilibadilisha moja, gari likasimama kama mtu mwenye kiatu kimoja.

MtuWaJumamosi:
Nimerudi. Shikamoo Bibi, na ahsante. Kushusha tangi kumekula asubuhi nzima, kukata hakukufika hata nusu saa. Nilichelea kuamini, nikakipasua kile kibomba nione: bolti na chuma havionyeshi hata mstari kati yao. Kichwa nimekigeuza kama ulivyosema. Kukaza ndiko nilikotaka kukosea, nilishaweka spana gari likiwa juu, mke wangu aliyekuwa akinisomea maelezo yako kwenye simu akanipigia kelele.

DerevaMstaafu, nimekusikia pia. Springi ya kulia nimeshainunua, na bolti yake nimeijaribu jioni hii. Inakwenda robo, inarudi.

BibiSpana:
Marahaba, mwanangu. Tangi usilirudishe bado.