Ushauri: kisu cha "rubani wa Kijerumani" wa vita ya pili, dola 900. Nichukue au ndiyo napigwa?

Mkaka wa Columbus
Wakuu, habari za jioni. Nipo Ohio mwaka wa tisa huu. Nakusanya vitu vya zamani vya jeshi. Sifanyi biashara, ni ugonjwa tu nilioambukizwa na marehemu babu, aliyetunza medali zake za KAR (jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza) ndani ya kopo la kahawa.

Jumapili nilikuwa soko la mitumba, nikakutana na mzee ana kisu cha Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani wakati huo. Hakikunjuki kama visu tulivyozoea. Unakielekeza chini, unainua wenzo mdogo wa pembeni, bapa linadondoka lenyewe kwa uzito wake. Ukiachia wenzo, linajifunga. Kuna na msumari mnene butu unaokunjuliwa ubavuni. Mpini una mbao pande mbili, nyuma kuna kipete na kamba. Kwenye bapa pameandikwa SMF SOLINGEN ROSTFREI (kiwanda, mji wake, na "hakishiki kutu"), na linang'aa kama kijiko cha harusi.

Mzee anadai baba yake alikichukua kwa rubani aliyetunguliwa Italia mwaka 1944. Anataka 900, kanishikia hadi Jumamosi. Wajuvi nisaidieni, mke wangu hajui chochote kuhusu hili.

Kibopa
Dola 900 kwa kisu? Mkuu, huku hiyo ni mabati ya nyumba nzima.

Fundi Saa
Kibopa kaa pembeni kwanza.

Mkuu, jina la kitu hicho kwa Kijerumani ni Fliegerkappmesser, yaani kisu cha mrukaji cha kukatia. Kilianza kutolewa kabla tu ya vita. Mtu akining'inia mtini kwa kamba za mwavuli, au mwavuli ukimburuta majini, mkono mmoja tu ndio ulio huru, kwa hiyo kisu lazima kifunguke kwa mkono huo huo. Msumari ule ni wa kulegezea mafundo.

Sasa hilo neno "rubani". Askari wa miavuli wa Ujerumani walikuwa chini ya jeshi la anga, na kisu walichopewa ni kile kile walichopewa wa ndani ya ndege. Hakuna alama itakayokuambia kilikaa mfukoni mwa nani. Kwa hiyo ukilipia urubani, umelipia maneno ya mzee. Hadithi ya baba na Italia inaweza kuwa kweli kabisa, ila kama hakuna barua, picha wala karatasi ya jeshi, bei yake ni sifuri.

Nijibu haya: kinafunguka vipande kwa usafi, au kimepigwa ribiti moja kwa moja? Vyuma vya mpini ni vyeupe au vimetiwa weusi? Msumari una rangi gani ukiulinganisha na bapa?

Shangazi wa Wuppertal
Mwanangu, mimi naishi jirani na Solingen, dakika chache kwa treni. Mji ule umeishi kwa visu karne na karne, na makumbusho yao ya bapa pale Gräfrath yako kwenye jengo la zamani la watawa. Nenda siku moja ukija huku.

Ila usithubutu kuja nacho! Ujerumani kisu kinachodondosha bapa hivyo kimepigwa marufuku, kukimiliki tu ni kosa, hata kama ni cha babu yako. Ukienda mnadani huku utakuta watu wanauza hata vibuyu vya maji vya vita, lakini kisu hicho hukioni mezani.

Mtu wa Leeds
Uingereza ndiyo usiseme. Kuuza na kuingiza kulizuiwa tangu sheria ya 1959, ila cha kwako kikikaa kabatini hakuna aliyekuuliza. Sheria ya 2019, iliyoanza kubana Julai 2021, ikakataza hata hicho cha kabatini. Nilikuwa na kimoja cha mbao za walnati. Nilikipeleka polisi mwenyewe kwenye mfuko wa Tesco, nikajaza fomu ya fidia. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Hapo Marekani angalia mambo mawili: sheria ya jimbo lako, na ile ya shirikisho ya 1958 inayobana biashara ya visu hivi kutoka jimbo moja hadi jingine. Ukitaka kukiuza baadaye kwa posta, ndipo utakapoikumbuka.

Mkaka wa Columbus
Shukrani wakuu. Nimepita kwake leo jioni. Vyuma vya mpini vimetiwa weusi, pembeni umefutika ukawa kijivu. Msumari nao mweusi mweusi. Kinafunguka vipande, mzee kanionyesha kitufe lakini kakataa nisifungue. Bapa ndilo linalong'aa peke yake.

Fundi Saa
Basi hicho ni cha toleo la pili. La kwanza lilipigwa ribiti, vyuma vimepakwa nikeli, halifunguki vipande. Cha kwako si kitu cha ajabu, kwa hiyo "nadra" tuiondoe kwenye bei.

Tatizo ni bapa. Mwili mzima umezeeka, bapa limezaliwa jana. Kuna njia mbili tu: limepigwa msasa, au si la kisu hicho. Baada ya vita jeshi jipya la Ujerumani Magharibi liliagiza visu vya mtindo huo huo, vyenye mpini wa plastiki, vingi vimepigwa alama ya kiwanda, OFW. Kuna wajanja wanaunganisha vipande vya zama mbili. Na kuna bapa za kuiga kabisa, zenye herufi zilizochorwa juu juu badala ya kugongwa.

Mwambie afungue mbele yako. Akikataa tena, geuka uondoke. Ile sehemu ya bapa inayojificha ndani ya mpini hakuna mtu anayeipiga msasa, kwa uvivu. Utaikuta na mikwaruzo ya jiwe la kiwandani, ikikata bapa kwa upana. Kama nje mikwaruzo inaenda kwa urefu na herufi zimelainika kingo, lakini ndani kumebaki kwa asili, bapa ni la kweli, limeharibiwa tu. Kama ndani na nje ni kumoja, ondoka.

Baharia Mstaafu
Nichangie kidogo kuhusu kamba. Nunua tochi ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti. Nyuzi nyingi za baada ya vita zina dawa ya weupe, zikimulikwa zinawaka bluu. Nyuzi za zamani kwa kawaida hazifanyi hivyo. Gundi mpya kwenye mbao nayo mara nyingi huwaka hapo hapo.

Na ukiona mbao zimechongwa ishara kubwa za Kinazi au herufi za SS (kikosi cha Hitler), cheka uende zako. Alama ya mkaguzi wa jeshi huwa ndogo, imegongwa kwenye chuma. Michongo mikubwa ni ya kuwafurahisha watalii.

Kibopa
Kumbe kuna elimu humu. Nimekaa pembeni ila nasoma.

Mkaka wa Columbus
Mrejesho. Jumamosi nilimwambia mzee: fungua au naenda. Kafungua huku ananuna. Ndani ya mpini bapa ni kijivu, mikwaruzo inakata kwa upana kama Fundi alivyosema. Nje imelala kwa urefu, na ile S ya SOLINGEN ukipitisha ukucha huisikii. Nikamuuliza nani alisugua. Kimya, halafu akasema ni yeye, wiki iliyopita, kwa mashine ya kung'arishia rimu za gari, "ili kipendeze".

Nilimwonyesha alichokifuta. Tumevutana kuanzia 900, tukamalizana kwa 380.

Fundi Saa
Umefanya vizuri. Usikisugue tena hata kidogo! Paka nta nyembamba, mbao ziache kama zilivyo. Kamba je?

Mkaka wa Columbus
Nilipoimulika iliwaka bluu kama taa za disko. Nimeifungua nikamwachia mzee.