Imeli ya ofisi inagoma nikiwa nyumbani

kibarua_wa_laptop:
Wakuu habari za usiku, nina Thunderbird (programu ya imeli) kwenye laptop, ofisini inapiga kazi safi ila nikifika home Mbagala nikawasha bando inazunguka weee mwisho inasema muda umeisha, kupokea haipokei, kutuma ndo kabisa. Paswedi ni ileile. Bosi kesho asubuhi anataka ripoti, nifanyeje?

fundi_waya:
Kwenye setingi za seva umeandika nini, jina au namba?

kibarua_wa_laptop:
192.168.1.10, aliniwekea jamaa wa IT.

fundi_waya:
Hahaha ndo hapo mkuu. Hiyo ni anwani ya ndani ya ofisi, ukiwa nje haina maana yoyote, laptop yako inamtafuta huyo 192.168 kwenye mtandao wa kwako mwenyewe. Muulize IT jina la seva la nje, lile linaloanza na mail, halafu poti (namba ya mlango wa seva) ya kupokea weka 993 kama ni IMAP, ile njia ya kusoma imeli zikiwa zinabaki kwenye seva.

mama_seva:
Na kutuma usiache poti 25, mitandao mingi inaifunga kwa wateja wa kawaida sababu ya spamu. Tumia 587 na STARTTLS, au 465 na SSL (zote ni njia za kuficha mawasiliano yasisomwe njiani), na jina la kuingilia jaribu imeli nzima.

kibarua_wa_laptop:
Kupokea imekubali!! Kutuma bado, 587 nayo inagoma.

mama_seva:
Basi huenda faiwoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao) ya ofisi haijafunguliwa poti hiyo kwa nje, hapo huna ujanja, mpigie IT. Ripoti itume kwa webmail (imeli ya kufungulia kwenye brauza) kama mnayo, ulale.