Mliowahi kuvua samaki juu ya barafu Kanada, tupeane uzoefu

Mkazi wa Georgina
Wakuu habari za wikiendi. Leo asubuhi nimesikia drili za barafu zinaunguruma huko ziwani nikajua tayari, msimu umeanza. Niko Georgina, kusini mwa ziwa Simcoe, kama saa moja hivi kwa gari kutoka Toronto. Kwa ambao hamjawahi kuona, ziwa likishaganda watu wanaburuta vibanda vyao mpaka katikati, wanatoboa shimo la upana wa sahani, mshipi unashushwa humo, jiko linawaka, mnakaa mnapiga stori. Mimi aliyenitoa ndani ni jirani yangu, mzee mstaafu, alikuja akagonga mlango na koti la kuniazima mkononi, akasema vaa twende. Leo hii nikipita dukani naulizwa samaki aina ya perchi wanakula au wamenuna, na mtu ambaye nje ya barafu tusingeongea maisha. Wenye uzoefu fungukeni, wa Ontario, Manitoba, Quebec, kote. Nani aliwapeleka mara ya kwanza na kitu gani hamtakisahau?

Dada wa Tanga
Mimi msomaji tu wa huku nyumbani. Hivi hao samaki wenyewe hawagandi?

Mkazi wa Georgina
Hawagandi dada. Maji yanakuwa mazito kuliko yote yakifika nyuzi 4, kwa hiyo hayo ndo yanazama chini, yale ya baridi zaidi yanabaki juu na ndo yanayoganda. Barafu inakuwa kama blanketi. Samaki wako chini wanatembea taratibu, hawali kwa fujo, ndo maana chambo unakichezesha kidogo kidogo halafu unatulia.

Mtu wa Uvira
Bandugu salaam. Miye ni mtu wa Uvira, kule Kongo, baba alikuwa anavua ndagala usiku na taa kwenye ziwa Tanganyika, kwa hiyo maji ninayajua. Sasa tuko Winnipeg na jamaa. Huku watu wanaenda ziwa Winnipeg upande wa Gimli, ama mto Red karibu na Selkirk, wanatafuta samaki wanaitwa pikereli, wale wa mgongo wa kijani. Kilichonishangaza ni ndoano, sheria ya Manitoba inataka ndoano isiyo na kile kijino cha kumzuia samaki, ukilegeza mshipi kidogo tu ameenda, kwa hiyo unavuta mfululizo mpaka kichwa kitokee shimoni. Lakini kinachonirudisha kila mwaka ni watu. Mtu anaingia kibanda chako hajui jina lako, anauliza wanakula? urefu gani wa maji? chambo cha rangi gani? na akitoka lazima akuachie kitu, kama si biskuti ni ndoano. Sisi tulipeleka sombe, yale majani ya muhogo, na ugali kwenye hotipoti. Kibanda cha jirani kulikuwa na wazee wawili wa Gimli, watu ambao mababu zao walifika hapo kutoka Iceland mwaka 1875, wakala, wakaomba tena. Mwaka uliofuata walituona kwa mbali wakaanza kuuliza sombe iko wapi, salamu zikaja baadaye.

Kijana wa Barrie
Mzee wa Uvira 👏👏 sombe kwenye barafu, hii nimeipenda. Huku mji wetu mdogo wa Barrie pia ni hivyohivyo

Bibi Harusi
Barrie tangu lini imekuwa mji mdogo?? Mji una watu zaidi ya laki moja na treni ya kwenda Toronto

Kijana wa Barrie
Ukitoka Toronto ni mdogo. Ukishuka ghuba ya Kempenfelt, hapa hapa Simcoe, wote tunajuana kwa rangi za vibanda.

Bibi Harusi
Njoo Beaverton uone mji mdogo unafananaje.

Mrundi wa Trois-Rivières
Achaneni na Barrie. Nani amefika Sainte-Anne-de-la-Pérade? Ni kati ya Trois-Rivières na jiji la Quebec. Kila mwaka tangu 1938 wanasimamisha kijiji kizima juu ya mto ulioganda, mamia ya vibanda vya rangi, na njia zake. Baada ya Krismasi kuna visamaki vinapanda kutoka mto Saint Lawrence kuja kutaga, ndo hao wanaovuliwa. Ndani ya kibanda hakuna shimo moja la duara, kuna mfereji umekatwa upande mmoja wa sakafu, mishipi inaning'inia kwenye mbao juu yake, jiko la kuni pembeni. Mnakodi kibanda familia nzima, bibi anakaa kwenye benchi na blanketi, watoto wanahesabu. Mama yangu alikuja kututembelea kutoka Bujumbura, alikuwa hatoki nje kabisa kwa baridi, pale alikaa usiku kucha akawa anamfundisha mwenye kibanda jinsi ya kukausha samaki wadogo. Yeye Kirundi, mwenzake Kifaransa cha Quebec, wakaelewana kila kitu kwa mikono. Chambo chao ni maini ya nguruwe.

Abu Salma
Sisi Waislamu hapo kwenye maini tunafanyaje?

Mrundi wa Trois-Rivières
Ndugu yangu rafiki zetu wa Kikomoro walinunua maini ya ng'ombe dukani wakaja nayo, walipata samaki kama sisi.

Mtu wa Edmonton
Wote mnazungumzia kutembea, huku Alberta tunaingia na pikapu mpaka kwenye shimo. Barafu ya sentimita 30 inabeba gari bila wasiwasi.

Mkazi wa Georgina
Kaka usiwadanganye watu. Sentimita 30 ya barafu gani? Ile safi yenye rangi ya bluu ndo ina nguvu. Ile nyeupe iliyochanganyika na theluji nguvu yake ni kama nusu, hapo vipimo vyote unavizidisha mara mbili. Ya kijivu usikanyage kabisa. Na unene haufanani, hatua 20 mbele kuna chemchemi inapita chini.

Mtu wa Edmonton
Najua barafu tangu 2009. Nimesema 30, sijasema 15.

Bibi Harusi
Mimi mume wangu haruhusiwi kupeleka gari. Kwa miguu sentimita 10 za barafu safi ndo mwanzo, na anatoboa anapima kila anaposogea. Msimu wa 2024 joto lilizidi mpaka watu wakabaki ufukweni na vibanda vyao, hakuna aliyelia, walikaanga samaki wa kununua wakala pamoja hapohapo.

Mama Wawili wa North Bay
Nimesoma mabishano ya magari nikaona niandike, maana nikisikia neno barafu na gari moyo wangu unaenda mbio.

Tunaishi pembeni ya ziwa Nipissing, hapa Ontario. Mwezi wa pili, jumamosi, mimi na mume wangu na watoto tuko kwenye kibanda cha rafiki yake wa kazini. Ilikuwa siku nzuri, watoto wamepata pikereli, tumekaanga, majirani wanaingia na kutoka. Giza linaingia, upepo umebadilika mchana ule na kulikuwa na ufa umefunguka kati yetu na ufukwe, wenyeji walishaweka matawi ya misonobari kuuonyesha. Upepo ukayaangusha. Jamaa mmoja wa vibanda vya upande wa pili anarudi na pikipiki ya theluji, tukasikia injini inakuja vizuri halafu ikakatika. Haikuzimika, ilikatika. Mume wangu akafungua mlango na wote tukasikia mtu anaita.

Nilichokiona siwezi kukifuta. Tochi yake ya kichwani ilikuwa imemchomoka, inazama taratibu huku inawaka, na barafu yote ya pale ikawa ya kijani kutokea chini. Yeye tunamwona kichwa na mikono miwili. Milango ya vibanda ikafunguka yote, wanaume wakaanza kukimbia kumfuata. Kuna mzee mmoja mwenyeji, yeye ndo anauza chambo mjini, mpole sana siku zote, siku ile alipiga ukelele sijawahi kusikia, KILA MTU ALALE CHINI. Wakalala. Wakatoa ngazi ya kupandia paa la kibanda, wakaifunga kamba, wakaisukuma juu ya barafu, wa mbele amelala tumbo kwenye ngazi, mume wangu ameshika miguu yake, mwingine ameshika ya mume wangu, mnyororo wa watu kama nane hivi. Mzee anamwongelesha yule jamaa kwa sauti ya kawaida kabisa, geukia ulikotoka, huko barafu ilikubeba, piga miguu kama unaogelea, usijaribu kusimama. Jamaa alikuwa na vile vijiti viwili vyenye misumari shingoni, akavichomeka kwenye barafu akajivuta, kifua kikapanda, akashika ngazi, wakavuta. Alipotoka wakambingirisha, hakuna aliyenyanyuka mpaka wamefika mbali.

Kwenye kibanda chetu walimchania nguo kwa kisu cha kusafishia samaki. Mimi nilikuwa nimebeba shuka la kimasai kwa ajili ya watoto, nikamfunga nalo kifua, juu yake mablanketi ya kila mtu. Binti yangu wa miaka sita akakaa karibu naye akawa anamhadithia samaki aliyemvua, na yule jamaa anatetemeka meno yanagongana lakini anamjibu. Gari la wagonjwa lilimkuta ufukweni. Alitoka hospitali kesho yake.

Wiki ile dukani kwa mzee wa chambo kulikuwa na ndoo kwenye kaunta ya kumchangia pikipiki, na ukumbi wa kanisa wakakaanga samaki mji mzima ukaja. Mke wa yule jamaa aliyezama alinipigia kuuliza kama anaweza kubaki na lile shuka. Nilimwambia ni lake.

Dada wa Tanga
Mama Wawili nimesoma nimesimama. Mungu awalinde.

Kijana wa Barrie
Umetuliza. Huyo mzee wa chambo apewe maua yake.

Mjuvi
Stori nzuri ila hapo kwenye tochi kuwaka chini ya maji umeweka chumvi.

Mama Wawili wa North Bay
Niliiona kwa macho yangu na watu kama ishirini waliiona.

Abu Salma
Mjuvi tochi za siku hizi haziingii maji, hata ya kwangu naogea nayo. Mtu ameokolewa wewe unakagua tochi?

Mwalimu wa huduma ya kwanza
Nafundisha huduma ya kwanza Winnipeg, niongezee. Kuna profesa aliyefanya utafiti miaka mingi Chuo Kikuu cha Manitoba, Gordon Giesbrecht, ametumia maisha yake kuchunguza mwili unavyofanya kwenye baridi, na ameingia mwenyewe kwenye maji ya barafu kwa utafiti. Anafundisha 1-10-1. Dakika 1 ya kwanza tuliza pumzi tu, maana mwili unahema kwa nguvu na ukivuta maji mapafuni umekwisha. Dakika 10 zinazofuata ndo mikono na miguu bado inakutii, hapo ndo ujitoe. Baada ya hapo unakuwa na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu, kwa hiyo ukishindwa kutoka weka mikono juu ya barafu, tulia, igandie hapo, usikate tamaa. Na kumtoa nguo za maji Mama Wawili mlifanya sahihi. Msimsugue mtu wa hivyo, wala msimpe pombe.

Mtu wa Uvira
Wazee wa kwetu Gimli wanasema konyagi kidogo inapasha damu.

Mwalimu wa huduma ya kwanza
Hapana mzee wangu. Inafungua mishipa ya ngozi, joto linatoka nje. Mpe kitu cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza.

Mtu wa Edmonton
Mama Wawili pole sana. Vile vijiti vya shingoni naagiza leo vya familia nzima.

Bibi Harusi
Na mavazi jamani, jinzi hapana, pamba ikilowa haikauki. Sufu ndani.

Kijana wa Barrie
Mimi navaa jinzi miaka yote na sijafa. Muhimu ziba kibanda vizuri upepo usiingie.

Mwalimu wa huduma ya kwanza
USIZIBE. Jiko la gesi au la kuni ndani ya kibanda kilichozibwa linatoa hewa yenye sumu ambayo hainuki, mnalala hamuamki. Acha tundu la hewa juu na chini, nunua na kengele ya kugundua hewa hiyo.

Dada wa Tanga
Nina kaka yangu amefika Ontario juzi, mpweke kweli. Je anahitaji leseni?

Mkazi wa Georgina
Kwa kawaida ndiyo, kama ana miaka 18 mpaka 64. Ila mwezi wa pili, wikiendi ya sikukuu ya familia, mkazi yeyote wa Kanada anavua Ontario bila leseni, abebe kitambulisho chake tu na afuate idadi ya samaki iliyoruhusiwa. Anaruhusiwa mishipi miwili. Mwambie anitumie ujumbe nimpitie, kibanda kina nafasi.

Bibi Harusi
Wikiendi hiyo sisi wote wa Simcoe tuwe pamoja basi, nakuja na pilau.

Kijana wa Barrie
Tufanye mwanzoni mwa mwezi wa tatu, baridi itakuwa imepungua.

Mkazi wa Georgina
Mwezi wa tatu tarehe 15 vibanda vya huku vinatakiwa viwe vimetoka ziwani, na barafu yenyewe inakuwa imechoka. Mwezi wa pili. Mtu wa Uvira, Winnipeg mbali lakini ukija na sombe nauli tunachanga.